Jina la Kampaundi kama Sarufi: Uhakiki wa Istilahi za Kemia ya Awali kwa Kiswahili kwa Kumrejelea Mwanafunzi wa Tlawi

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna majina ya kampaundi za kemia yanavyoundwa na kuandikwa kwa Kiswahili, pamoja na uhusiano wa majina hayo na fomula. Hoja kuu ni kwamba uundaji wa istilahi umelichukulia jina la kampaundi kama neno la kuingizwa kamusini, ilhali jina hilo ni tungo inayozalishwa kwa kanuni. Matokeo yake ni orodha ya maneno yasiyoshikana. Uhakiki unapima mambo manne: viambishi tamati vya majina, mpangilio wa vijenzi vya jina, uoneshaji wa idadi na namba, na nafasi ya majina ya asili. Mwanafunzi wa Tlawi wilayani Mbulu, ambaye kwake Kiswahili ni lugha ya pili na Kiingereza ni ya tatu, anatumika kama kipimo cha ubora wa istilahi hizo.

1.0 Utangulizi

Mjadala wa lugha ya kufundishia sayansi nchini Tanzania una umri mrefu. Tangu 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki katika sekondari na vyuo. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua tena mlango kwa kukitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Katika kipindi hicho chote, wanaokitetea Kiswahili wamejibu swali la istilahi kwa kuonesha kamusi. Kamusi iliyo mbele zaidi katika hoja hiyo ni Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1990.

Thamani ya kazi hiyo haina shaka. Ilithibitisha kwamba dhana za sayansi zinaweza kutajwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, kuna swali ambalo kamusi ya aina yoyote haiwezi kulijibu peke yake: mwanafunzi akikutana na fomula ambayo hajawahi kuiona, atalipataje jina lake? Vilevile, akipewa jina ambalo halimo kamusini, ataandikaje fomula yake? Maswali haya mawili ndiyo kiini cha kemia ya awali. Katika muhtasari uliotumika kwa miaka mingi, mada ya fomula, muungano na upaji wa majina hufundishwa Kidato cha Pili, na mwanafunzi asiyeielewa hapo huzibeba mada zote zinazofuata kama mzigo wa kukariri.

Tlawi imechaguliwa kwa sababu inaiweka hoja hii kwenye mizani iliyo ngumu. Katika nyanda za juu za Mbulu lugha ya nyumbani kwa familia nyingi ni Kiiraqw, lugha ya Kikushi. Wilayani Hanang jirani wapo wasemaji wa Kidatooga, lugha ya Kiniloti, pamoja na wasemaji wa lugha za Kibantu. Mtoto wa Tlawi hukutana na Kiswahili cha kusomea darasani, na baada ya miaka saba huhamia Kiingereza. Kwake yeye, kusema kwamba istilahi ni nzuri kwa kuwa iko katika lugha mama hakuna maana. Istilahi itamfaa ikiwa tu mpangilio wake unaonekana na unafundishika.

2.0 Msingi wa Uhakiki

Uhakiki wa istilahi za Kiswahili mara nyingi huongozwa na mkabala wa PEGITOSCA uliopendekezwa na Kiingi (1989), wenye vigezo tisa, vikiwemo usahihi, iktisadi, uzalishi, uangavu, umfumo na ukubalifu. Vigezo hivyo ni vyema. Tatizo hutokea vinapotumika kwa neno mojamoja: neno hupangwa katika jedwali, likapewa alama, kisha neno linalofuata likapimwa kivyake. Kwa istilahi kama "atomu" au "mizani", njia hiyo inatosha. Kwa majina ya kampaundi haitoshi, kwa kuwa uzalishi na umfumo ni sifa za kundi la majina yanayotokana na kanuni moja. Neno "kloridi" haliwezi kuitwa la kimfumo au lisilo la kimfumo mpaka liwekwe kando ya "oksidi", "floridi" na "salfaidi".

Historia ya kemia yenyewe inaunga mkono mtazamo huu. Mwaka 1787, Guyton de Morveau, Lavoisier, Berthollet na Fourcroy walichapisha mjini Paris kitabu cha Méthode de nomenclature chimique. Kabla ya hapo, vitu viliitwa kwa sura yake, mahali vilikotoka au mtu aliyevitengeneza. Wanakemia hao walipendekeza kwamba jina litaje vijenzi vya kitu chenyewe, na kwamba kiambishi tamati kioneshe aina ya muungano. Miaka ya 1813 na 1814 Berzelius wa Uswidi alipendekeza alama za herufi, ambazo ndizo msingi wa fomula za leo. Kwa hiyo jina na fomula ni njia mbili za kusema jambo moja, na kila njia ina sarufi yake. Muungano wa Kimataifa wa Kemia Halisi na Tumizi, ulioanzishwa mwaka 1919, umekuwa ukitunza sarufi hiyo na kuacha kila lugha iivae kwa umbo lake.

Ni muhimu pia kutenganisha "kampaundi" na "mchanganyiko" kabla ya kuendelea. Katika mazungumzo ya kawaida neno "mchanganyiko" hubeba dhana zote mbili: maji ya chumvi ni mchanganyiko, na chumvi yenyewe husemwa kuwa ni mchanganyiko wa sodiamu na klorini. Usemi huo wa pili unabomoa somo lote. Mchanganyiko hauna fomula, maana uwiano wa vitu vilivyomo unaweza kubadilika. Kampaundi ina fomula kwa sababu uwiano wake haubadiliki. Makala haya yanatumia "kampaundi" licha ya ugeni wake, kwa sababu neno zawa linaloshindana nalo tayari lina kazi nyingine katika somo hilohilo.

3.0 Viambishi Tamati: Sikio au Herufi

Katika majina ya chumvi, sehemu inayobeba taarifa nyingi kuliko zote ni silabi za mwisho. Kiingereza huandika -ide, -ite na -ate. Cha kwanza huonesha kwa kawaida elementi iliyo peke yake upande wa anioni, kama S²⁻. Viwili vinavyofuata huonesha anioni yenye oksijeni, cha pili kikiwa na oksijeni chache na cha tatu kikiwa na oksijeni nyingi zaidi, kama SO₃²⁻ na SO₄²⁻. Mwanafunzi anayevijua viambishi hivi vitatu anaweza kufasili makumi ya majina.

Kiswahili kimevipokea viambishi hivi kwa njia mbili zinazopingana. Njia ya kwanza hufuata herufi: "kloridi", "oksidi", "nitrati". Njia ya pili hufuata sikio, yaani matamshi ya Kiingereza: "kabonidayoksaidi", "salfeti", "naitreti". Kila njia peke yake ina mantiki. Kinacholeta tatizo ni kuzitumia zote mbili, wakati mwingine katika ukurasa mmoja. Mwanafunzi anaposoma "kloridi" katika mstari mmoja na "kabonidayoksaidi" katika mstari unaofuata, hana namna ya kutambua kwamba -idi ya neno la kwanza na -aidi ya neno la pili ni kiambishi kimoja. Kile ambacho Kiingereza kinakionesha wazi, Kiswahili hapa kinakificha. Aidha, kosa hili halionekani kwa anayehakiki neno mojamoja, kwa kuwa maneno yote mawili yanatamkika na yanaeleweka.

Jedwali dogo la kifikra linaweza kutusaidia kuchagua. Kwa njia ya sikio tunapata salfaidi, salfaiti, salfeti. Naitraidi, naitraiti, naitreti. Kwa njia ya herufi tunapata sulfidi, sulfiti, sulfati. Nitridi, nitriti, nitrati. Katika njia zote mbili, jozi ya kwanza na ya pili hutofautiana kwa sauti moja tu, /d/ na /t/, kwa hiyo hakuna njia inayoshinda katika usikikaji wa jozi hiyo. Njia ya herufi inashinda katika mambo mawili. Kwanza, viambishi -idi, -iti na -ati ni vifupi na vinalingana kwa umbo, hivyo mwalimu anaweza kuviandika ubaoni kama utatu. Pili, mwanafunzi wa Tlawi atakutana na vitabu vya Kiingereza kwa vyovyote vile, na ulinganisho wa maandishi -ate na -ati, -ite na -iti, unabaki machoni pake. Njia ya sikio humtaka kwanza ajue matamshi ya Kiingereza, yaani imtegemee mwalimu kwa kile ambacho maandishi yangempa.

Dhidi ya njia ya herufi kuna kigezo cha ukubalifu. "Salfeti" na "kabonidayoksaidi" yamekwisha kuzoeleka shuleni, na mazoea ni nguvu. Kuna pia pingamizi la fonolojia, kwamba mfuatano wa konsonanti kama kl, lf na tr si wa kawaida katika silabi za Kiswahili. Pingamizi hili la pili ni dhaifu kuliko linavyoonekana. Njia ya sikio nayo huacha lf katika "salfeti" na tr katika "naitreti". Zaidi ya hayo, maandishi ya Kiswahili yamekubali jina "Tlawi" lenyewe, ambalo tl yake huwakilisha sauti moja ya Kiiraqw isiyokuwepo katika Kiswahili. Hakuna aliyelazimika kuandika "Talawi" ili mahali hapo paingie kwenye ramani. Pingamizi la mazoea lina uzito zaidi, lakini mazoea yaliyogawanyika pande mbili hayawezi kuwa hoja ya kuacha mgawanyiko huo uendelee.

4.0 Mpangilio wa Jina na Mpangilio wa Fomula

Suala la pili ni mpangilio. NaCl huitwa "sodiamu kloridi" na baadhi ya waandishi, na "kloridi ya sodiamu" na wengine. Wanaopendelea "sodiamu kloridi" husema kwamba mpangilio huo unafuata fomula: Na kwanza, Cl baadaye. Hoja hii inavutia, lakini inasahau kuuliza Kiswahili kinasemaje nomino mbili zinapokaa pamoja bila kiunganishi.

Katika Kiswahili, nomino inayotangulia ndiyo kuu. Punda milia ni aina ya punda. Askari kanzu ni askari. Kwa kanuni hiyohiyo, "sodiamu kloridi" humwambia msomaji kwamba anazungumziwa aina fulani ya sodiamu. Kikemia huo ni upotoshaji. Sodiamu ni metali laini inayopambana kwa nguvu na maji, ilhali chumvi ya mezani haina tabia hiyo hata kidogo. Jambo gumu kuliko yote katika mada hii ni kuelewa kwamba kampaundi si jumla ya tabia za elementi zake, na hapa jina linamvuta mwanafunzi upande usiofaa. Katika Kiingereza hali ni tofauti, kwa sababu nomino kuu huja mwishoni. Mpangilio uleule wa maneno unasema kitu kimoja katika Kiingereza na kitu kingine katika Kiswahili.

"Kloridi ya sodiamu" huondoa tatizo hilo. Kloridi ndiyo kuu, na -a unganifu inaeleza ni kloridi ya nini, kama tusemavyo pete ya dhahabu. Upatanisho wa kisarufi nao unafanya kazi: kloridi hii, kloridi za sodiamu na potasiamu. Umbo hili haliko mbali na kemia ya kimataifa. Wafaransa, ambao katika lugha yao majina ya kimfumo yalianzia, husema chlorure de sodium, na Wahispania cloruro de sodio. Wote huandika NaCl kama sisi. Kutanguliza metali katika jina ni desturi ya Kiingereza na baadhi ya lugha nyingine. Kemia yenyewe hailazimishi hivyo.

Gharama ya umbo hili ni moja: jina na fomula huenda pande mbili. Gharama hiyo hulipwa kwa kanuni moja fupi, kwamba kinachotajwa mwisho katika jina huandikwa kwanza katika fomula. Kwa chumvi za kawaida za ngazi ya awali kanuni hii haivunjiki: sulfati ya shaba ni CuSO₄, hidroksidi ya kalsiamu ni Ca(OH)₂, kloridi ya amoniamu ni NH₄Cl. Baadhi ya chumvi za asidi za kikaboni huandikwa kwa mpangilio mwingine, lakini hizo huja baadaye katika masomo.

Kwa mwanafunzi wa Tlawi kuna faida ya ziada ambayo mjadala wa istilahi haujaizingatia. Katika Kiiraqw, kama inavyooneshwa katika sarufi ya Maarten Mous (1993), nomino kuu hutangulia na kuchukua alama ya kuunganishwa, kisha hufuata nomino inayoifafanua. Alama hukaa mahali tofauti na -a unganifu ya Kiswahili, lakini mpangilio ni uleule. Kidatooga nacho hutanguliza nomino kuu. Kwa hiyo "kloridi ya sodiamu" inalingana na lugha ya darasani na pia lugha ya nyumbani. Mtoto huyu hahitaji kujifunza upya namna ya kupanga nomino. Anahitaji kujifunza kemia.

5.0 Idadi na Namba: Ngeli Zinaposaidia na Zinapopotosha

Wapo wanaopendekeza kwamba viambishi vya Kigiriki, mono-, di-, tri-, viachwe na nafasi yake ichukuliwe na namba za Kiswahili. Pendekezo hili lina nia njema, lakini sarufi ya Kiswahili inalikataa. "Oksidi mbili za kaboni" tayari ina maana yake: ni CO na CO₂, yaani oksidi mbili tofauti. Haiwezi kutumika tena kwa CO₂ peke yake. "Dioksidi ya kaboni" haina utata huo, kwa sababu di- imeshikamana na nomino na haiingii katika mfumo wa upatanisho. Hapa ukopaji ni hitaji la usahihi.

Utofautishaji huu si wa darasani pekee. Katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, jamii za Wahadzabe zimekuwa zikipata mapato kutokana na mradi wa hewa ukaa kupitia uhifadhi wa misitu. Neno "hewa ukaa" limeingia katika mikutano ya vijiji, na kwa shughuli hiyo linatosha. Lakini neno hilo halitaji idadi yoyote ya oksijeni. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua. Katika nyanda za baridi kama za Mbulu, ambako jiko huingizwa ndani usiku, mtu anayejua "hewa ukaa" tu hana neno la kutenganisha gesi ambayo miti huifyonza na gesi inayoweza kumuua usingizini. Mono- na di- ndizo zinazobeba tofauti hiyo.

Namba za Kirumi zina ugumu wa aina nyingine. Kwa metali zenye zaidi ya namba moja ya oksidishaji, mfumo uliopendekezwa na Alfred Stock mwaka 1919 huandika namba hiyo katika mabano: kloridi ya chuma(III) ni FeCl₃. Maandishi hayana utata, ila somo husomwa pia kwa sauti. "Kloridi ya chuma tatu" inajieleza vizuri kwa sababu ya ngeli: kama tungekuwa tunahesabu, tungesema "vyuma vitatu". Kukosekana kwa upatanisho kunamjulisha msikilizaji kwamba "tatu" hapa ni lebo. Ngeli ya KI-VI, kwa bahati nzuri, inamlinda mwanafunzi.

Bahati hiyo haipo kwa shaba. Shaba iko katika ngeli ya I-ZI, ambayo nomino zake hazibadiliki katika wingi, na namba "mbili" hubaki "mbili". "Oksidi ya shaba mbili", ikisikika bila kuandikwa, inaweza kueleweka kama oksidi yenye atomu mbili za shaba, yaani Cu₂O. Lakini oksidi ya shaba(II) ni CuO. Cu₂O ndiyo oksidi ya shaba(I). Sarufi inampeleka mwanafunzi mwangalifu kwenye jibu lisilo sahihi kabisa, na mwalimu anaweza kudhani kwamba hakusoma. Dawa yake ni rahisi na Kiswahili cha kila siku kinayo: kama tunavyosema chumba namba mbili bila kumaanisha vyumba viwili, tuseme "oksidi ya shaba namba mbili" na "kloridi ya chuma namba tatu", namba ikiwa kifupi cha namba ya oksidishaji. Kanuni hii ya usomaji inahitaji kuandikwa mahali fulani. Haiwezi kuwa kidahizo cha kamusi, kwa sababu haihusu neno lolote mahususi.

6.0 Majina ya Asili na Mipaka Yake

Kiswahili kina majina ya kale ya vitu vya kikemia: chumvi, magadi, chokaa, shabu, zebaki, mrututu. Baadhi ya wahakiki huyaona kuwa ushahidi kwamba istilahi za kukopa hazihitajiki. Ukaribu wa majina haya na maisha ni wa kweli. Chumvi huvunwa katika Ziwa Balangida chini ya Mlima Hanang, na magadi hutumika jikoni kulainisha maharage na makande. Hata hivyo, majina haya yalitolewa kwa matumizi ya vitu, na matumizi hayafuati fomula.

Magadi ya ziwani kwa kiasi kikubwa ni trona, Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O, yakiwa na vitu vingine ndani yake. "Magadi soda" ya dukani, kwa wengi, ni NaHCO₃. "Soda" peke yake ni kinywaji. "Kostiki soda" ni NaOH, inayounguza ngozi. Mtu anayeongozwa na neno "soda" peke yake ana sababu ya kuogopa. Chokaa nayo hutumika kwa CaO, kwa Ca(OH)₂, na katika "chokaa ya kilimo" kwa CaCO₃. Mrututu pekee unakaribia kuwa jina la kampaundi moja, CuSO₄·5H₂O, lakini jina hilo halimwambii mtu kwamba kuna shaba ndani yake.

Magadi yanaonesha pia kwa nini tofauti ndogo za majina zina uzito. Mikoa ya kaskazini mwa Tanzania, Manyara ikiwemo, ina maeneo ambayo maji yake yana floridi nyingi, na magadi ya maziwa ya ukanda huo nayo yanaweza kuwa na floridi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Florini ni gesi ya sumu. Floridi ni ioni, F⁻, iliyoyeyuka majini. Anayetangaza kwamba maji ya kisima yana "florini" na anayesema yana "floridi" wametofautiana kwa herufi moja, lakini wa kwanza ametaja kitu ambacho hakimo. Mfumo wa viambishi uliojadiliwa katika sehemu ya 3.0 ndio unaomwezesha mwanakijiji aliyesoma kuitambua tofauti hiyo bila kukariri kila neno.

Hoja ya uasili imeibua pia pendekezo la kutumia "natiri" kwa sodiamu na "kali" kwa potasiamu, ili majina yalingane na alama Na na K. Asili ya maneno hayo inavutia: natrium inarudi kwenye natron, jina linalobebwa pia na Ziwa Natron mkoani Arusha, na kalium inarudi kwenye Kiarabu al-qali. "Natiri" haina kasoro kubwa. "Kali" haifai, kwa kuwa "asidi kali" tayari ni asidi yenye nguvu, na tofauti kati ya "hidroksidi kali" na "hidroksidi ya kali" ingebaki kwenye silabi moja. Kukubali moja na kukataa nyingine kungeuvunja tena ulinganifu. Ni bora sodiamu na potasiamu zibaki, na asili ya alama zake ifundishwe kama historia.

7.0 Kipimo: Mfuko wa Mbolea

Kanuni zilizopendekezwa hapa ni nne: viambishi -idi, -iti na -ati kwa maandishi, nomino ya anioni kutangulia kwa -a unganifu, viambishi vya Kigiriki kwa idadi, na neno "namba" katika usomaji wa namba za Kirumi. Kipimo cha haki ni kuzitumia kwa kitu ambacho hakikutumika kuziunda.

Mbolea ya DAP inajulikana kwa wakulima wa mahindi na ngano wa Mbulu na Hanang. Fomula yake ni (NH₄)₂HPO₄. Kwa kanuni hizo, jina lake ni "hidrojenifosfati ya diamoniamu". Ni refu, lakini mwanafunzi anaweza kulifungua: fosfati, kwa hiyo kuna fosforasi na oksijeni, hidrojeni moja imebaki, amoniamu ni mbili, kinachotajwa mwisho kinaandikwa kwanza. Kutoka kwenye jina anaweza kurudi kwenye fomula. Mfuko huo huandikwa 18-46-0, na 46 ni kiasi cha fosforasi kikihesabiwa kama P₂O₅, ingawa hakuna P₂O₅ ndani ya mfuko. Anayejua kusoma fomula ataweza kuuliza kwa nini. Aliyekariri majina hatakuwa na swali.

"Diamoniamu fosfeti", inayofuata sikio na mpangilio wa Kiingereza, inatamkika kwa urahisi zaidi. Lakini haitaji hidrojeni, humpa msomaji wa Kiswahili amoniamu kama nomino kuu, na fosfeti yake haifanani kimaandishi na nitrati anayoikuta kwenye kitabu kingine. Urahisi wake ni wa mdomoni pekee.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba udhaifu wa istilahi za kemia za Kiswahili hauko katika uchache wa maneno. Uko katika kukosekana kwa sarufi ya upaji wa majina iliyoandikwa, inayotamka viambishi, mpangilio, idadi na usomaji. Kiswahili kina nyenzo zote za kuiunda: -a unganifu, ngeli, na uzoefu mrefu wa ukopaji. Mahali pengine nyenzo hizo hukifanya Kiswahili kieleze uhusiano wa vijenzi kwa uwazi, kama katika "kloridi ya sodiamu". Mahali pengine huleta mtego, kama katika "shaba mbili". Yote mawili huonekana tu pale majina yanapohakikiwa kama mfumo.

Uzito wa jambo hili unazidi kemia. Iwapo Kiswahili kitaingia katika sekondari kikiwa na "kloridi" upande mmoja na "kabonidayoksaidi" upande mwingine, mtoto wa Tlawi atakuwa amehamishwa kutoka kukariri Kiingereza hadi kukariri Kiswahili, na matokeo yake ya mitihani yatatumika kama ushahidi dhidi ya lugha yenyewe. Hivyo basi, inapendekezwa kwamba BAKITA na BAKIZA, kwa kushirikiana na TATAKI na walimu wa kemia, watoe mwongozo mfupi wa upaji wa majina ya kampaundi kabla ya kamusi nyingine yoyote ya sayansi kuchapishwa. Mwongozo huo ujaribiwe kwanza katika maeneo ambako Kiswahili si lugha ya nyumbani, kwa kuwa huko ndiko kanuni zisizojitosheleza hugundulika mapema.